Katambuga za Bibi Mrefu

"Sanamu zangu zimelelewa na malori. Nchi icheze itakavyo, hakuna hata moja itakayoanguka. Ikianguka moja, njooni mzichukue zote, na ufunguo nitawapa kwa mkono wangu huu."

Hayo aliyasema Mzee Anyosisye kwenye mkutano wa mtaa, Tunduma, Desemba ya mwaka 2009, kipaza sauti cha kuazima kikiwa kimemgusa mdomo, mbele ya watu wengi kuliko aliozungumza nao mwaka mzima. Watu walipiga makofi. Wiki nzima walikuwa na hofu, na hapa alisimama mtu mmoja asiye na hofu, jambo ambalo huku kwetu huhesabiwa kuwa ni elimu.

Hofu yenyewe ilikuwa na sababu. Ardhi ilianza kutetemeka upande wa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, na tetemeko halisimami mpakani kugongewa mhuri. Kule Itumba kuta zilipasuka. Hapa kwetu lilifika jioni, watu wakiwa wanakula, likamwaga chai, likaangusha vioo vya saluni, likatutoa wote nje na vijiko mikononi. Tangu siku hiyo kuna waliohamia uani chini ya maturubai, wakidai ndani kuna joto. Tunduma ya Desemba, na mvua zake zote, eti ndani kuna joto.

Kwenye mkutano mama mmoja alisimama akauliza: watoto wetu wanapelekwa na shule kuangalia masanamu kwenye ule ukumbi wa barabarani, je, likija tena likiwakuta ndani? Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, Josephat, alikuwepo, lakini alijifanya anatafuta kitu kwenye simu. Ndipo Mzee Anyosisye akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti, na akasema aliyoyasema. Sehemu ya malori watu waliicheka. Sehemu ya ufunguo Josephat aliisikia vizuri sana.

Ukumbi huo zamani ulikuwa ghala la ushirika. Ushirika ulipokata roho, kama ulivyokata roho nchi nzima, ghala likabaki na panya wake. Baadaye alikuja mhandisi mmoja wa barabara, Mzungu mwembamba ambaye mtaa ulimwita Bwana Lami. Mchana alikuwa akijenga barabara, na Jumamosi alipanda milimani kununua sanamu. Alizitoa Ibaba, alizitoa Mbozi, alishuka mpaka bondeni Ndalambo akarudi na ng'ombe wa mti aliyechongwa na Msukuma mmoja mhamiaji, ng'ombe mwenye kwato pana kama sahani. Mkataba wake ulipokwisha hakuweza kusafiri nazo zote, akazipanga ghalani, akaunda kamati, akaandika juu ya mlango neno Makumbusho kwa rangi ya kuchorea barabara, ile nyeupe isiyofutika. Kisha akamtafuta mtu wa kukaa na ufunguo.

Mtu huyo alikuwa Anyosisye, Mndali wa Ibaba, aliyekuwa akimbebea Bwana Lami vifaa vya kupimia. Wakati huo alikuwa kijana mwenye mke, Getruda, na binti mmoja mdogo, Jenista. Alichukua ufunguo akidhani ni kazi ya miezi.

Mtu asiyeijua Tunduma hawezi kuelewa ule ukumbi. Upo hatua chache tu kutoka barabara kuu, na barabara yetu hailali. Malori ya shaba yanashuka kutoka Zambia na Kongo, matangi ya mafuta yanapanda, na foleni ya mpakani ikisogea, mtaa mzima unasogea nayo. Sahani kabatini zinaongea. Mtoto mchanga hapa hulala vizuri lori likipita na huamka likizimwa. Sasa weka sanamu za udongo juu ya meza katika hali hiyo. Mwaka wa kwanza zilikuwa zinatembea. Unafunga mlango jioni mhunzi wa udongo akiwa katikati ya meza na mivukuto yake, asubuhi unamkuta amefika ukingoni, anatazama chini kama mtu mwenye mawazo mabaya.

Anyosisye aliifanya kazi hiyo kuwa elimu yake. Alikaa sakafuni, akaweka kiganja kwenye mguu wa sanamu, akasubiri lori. Likipita tupu, likipita na shaba, likifunga breki, alisikia kwa mkono sanamu inasema nini. Kisha akaenda kwa mafundi wanaokata matairi mabovu kutengeneza katambuga, zile kandambili zisizokwisha, akaomba vipande. Kwa kila sanamu alikata kipande cha raba kwa umbo la chini yake, akakiweka, akarudi kukaa na kiganja chake. Zilitulia. Lori la shaba lilipita na mhunzi hakusogea hata unywele. Baada ya miaka miwili sanamu zote za ukumbi ule zilikuwa zimevaa katambuga, na mlinzi wao naye amevaa katambuga, na kama kuna makumbusho mengine duniani yenye sare, sijayasikia.

Aliyepewa katambuga nene kuliko wote ni Bibi Mrefu. Huyo ni mwanamke wa mti mweusi mzito, aliyechongwa Ibaba na mtu ambaye hakuna anayemkumbuka jina, mikono kiunoni, shingo ndefu, uso wa mtu aliyeambiwa uongo na anaujua. Alimzidi Anyosisye kichwa kizima, na chini alikuwa mwembamba. Kitako chake kingeingia ndani ya sufuria ya ugali wa watu wanne. Malori yalimsumbua kuliko wenzake, kisogo chake kiligongagonga ukuta, kwa hiyo aliwekewa raba mbili, moja juu ya nyingine, tairi la lori juu ya tairi la lori. Akatulia kabisa.

Kila asubuhi Anyosisye alifungua mlango akamsalimia Bibi Mrefu kwanza, kwa Kindali, kwa sauti ya chini. Getruda alipokuwa hai lilikuwa jambo la ugomvi.

"Unamsalimia huyo kabla yangu," alisema.

"Wewe tumelala wote. Yeye nimemwacha peke yake."

"Na mimi siku nikilala peke yangu utanisalimia?"

Getruda alifariki mwaka 1996, na jibu la swali hilo likawa ndiyo, kila siku, pale makaburini kwanza na ukumbini baadaye. Jenista alikua, akavuka mpaka kufanya biashara ya dagaa, akaolewa Ndola. Ukumbi ukabaki na mtu mmoja na sanamu nyingi. Wageni walikuwa wachache. Wanafunzi walikuja mwisho wa muhula, wakacheka maziwa ya Bibi Mrefu, wakaondoka. Madereva waliokwama foleni waliingia kuuliza choo. Mtu anaweza kukaa kwenye barabara yenye kelele kuliko zote kusini mwa nchi na asisikie jina lake kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa.

Jenista alipiga simu kwa laini ya Zambia. Mtandao wa Zambia unafika kwetu kwa kuibia tu, unaingia hapa, unakataa pale, na ndani ya ukumbi uliingia mahali pamoja: kwenye dirisha la Bibi Mrefu. Kwa hiyo Jumapili jioni ungemkuta mzee amesimama dirishani, simu sikioni, mkono mwingine ameupitisha kwenye kiuno cha Bibi ili asichoke kusubiri. Mjukuu alisalimia kwa Kibemba, mukwai hapa na mukwai pale, babu akajibu kwa Kindali, wakamaliza kwa Kiswahili cha kuombana radhi. Halafu mtandao ulikatika. Aliendelea kusimama pale muda, kwa sababu wakati mwingine ulirudi.

Ndivyo alivyokuwa amesimama lile tetemeko la kwanza lilipokuja.

Siku chache baada ya mkutano alifika Makene. Huyu alikuwa mtaalamu wa kutunza vitu vya makumbusho, mtu wa mjini, shati limechomekwa, viatu vimeshindwa na tope letu. Alitumwa kupita kwenye kumbi ndogo ndogo za ukanda huu kuangalia kitu gani kitaanguka ardhi ikicheza tena, na kipi kifanyiwe nini. Alikuwa ametoka Itumba. Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi, na hakuwa na maneno mengi. Nilimpenda kwa hilo. Wataalamu wengi tuliowahi kupokea huanza na historia ya maisha yao.

Alifanya kazi asubuhi nzima. Kila sanamu aliipima urefu na upana wa chini, akaisukuma begani kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ilipoanza kunyanyua kisigino, akairudisha. Ng'ombe wa Ndalambo alimsukuma kwa mkono mzima na hakunyanyuka. Makene akampigapiga mgongoni kama unavyompiga ng'ombe wa kweli. Mhunzi wa udongo alimpitisha. Zile fupi zote alizipitisha, na akasema raba zimezisaidia, waziache zilivyo. Mzee Anyosisye alimfuata nyuma akiwa amefumbata mikono kama mzazi siku ya kufunga shule.

Walipofika kwa Bibi Mrefu, Makene aliinama akatazama chini yake kwa muda.

"Huyu amevaa nini, mzee?"

"Katambuga. Mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Lori la shaba. Subiri, litapita sasa hivi, uweke mkono uone."

Makene aliweka mkono. Lori la shaba lilipita, madirisha yakalia. Bibi Mrefu alikuwa kimya.

"Umeona," alisema mzee.

"Nimeona. Hapo kwa lori umefaulu." Makene akajifuta mkono kwenye suruali. "Lakini lori linatikisa, mzee. Linatikisa haraka haraka, kidogo kidogo. Raba inakula ule mtikisiko. Tetemeko la huku kwenu halifanyi hivyo. Linashika sakafu nzima, linaivuta huku, linairudisha kule, taratibu, kwa nguvu. Kitu kirefu chembamba juu ya kitu laini kinaanza kuyumba, na kila linaporudi kinayumba zaidi."

"Lile la kwanza halikumwangusha."

"Ulikuwa wapi lilipokuja?"

Mzee alitazama dirishani. Pale nje alikuwepo Bi Zaitun, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mfanyabiashara wa mchele aliyekuja Tunduma kutoka Kigoma, amesimama na sinia la vitumbua alivyowaletea, na ndiye aliyetusimulia sehemu hii. Mzee alishusha sauti, lakini Zaitun ana masikio ya biashara.

"Nilikuwa hapa. Naongea na mwanangu. Akaniegemea."

"Nani, mwanao?"

"Bibi. Aliniegemea begani. Nikamshika mpaka likaisha."

"Kwa hiyo aliyesimama ni wewe."

Mzee alipangusa vumbi begani pa Bibi.

Makene hakumcheka. Aliomba soda, chupa nzima, akaisimamisha sakafuni, akaisukuma kidogo, ikatikisika, ikasimama. Kisha akachukua godoro la mzee, kwa sababu tangu lile tetemeko alikuwa analala ukumbini, akaisimamisha soda juu yake na kuvuta godoro huku na kule, taratibu. Chupa ikaenda, ikarudi, ikaenda, ikalala.

"Hiyo ni soda," alisema mzee. "Bibi si soda."

"Bibi ni mbaya zaidi. Soda ina kitako."

Kisha alimwambia la kufanya, na halikuwa kubwa. Wapatikane wanaume wanne wamnyanyue, raba zitoke, akae chini kwenye saruji, afungwe ukutani kwa mkanda wa kufungia mizigo, ule wa malori, upite chini ya makwapa. Mikanda hiyo Tunduma imejaa kama nzi. "Na kama hutapata watu leo," Makene alisema, "mlaze. Mlaze kwenye hilo godoro, mfunike na shuka, basi. Aliyelala haanguki."

"Kumlaza, hapana."

"Kwa nini?"

Mzee alimweleza. Wakati fulani mchwa walimwingia Bibi Mrefu mguuni, akamlaza sakafuni apate kumpaka dawa, akamfunika shuka ili dawa isikauke haraka, mlango akauacha wazi harufu itoke. Mama mmoja alikuwa anapita. Aliona ndani mtu mrefu amelala, amefunikwa mpaka kichwani, na Anyosisye amekaa pembeni ameinama. Akavua viatu mlangoni, akaingia, akakaa chini, akaanza kulia. Kabla mzee hajapata maneno walikuwa wameingia wengine, mmoja na kuni kichwani, na mwingine alishaanza kuuliza jeneza linatengenezwa wapi. Walipojua walicheka, wakamsema mwaka mzima. Kwa kucheka walicheka wao. Yeye alikuwa ameshasikia nyumba yake imejaa watu wanaolia, mara ya kwanza tangu Getruda, na wote wakaondoka na kuni zao.

"Sitamlaza," alisema.

"Basi watu wanne," alisema Makene. "Leo, mzee. Si kesho." Alikunywa ile soda, akala vitumbua viwili, akapanda gari kwenda ukumbi mwingine.

Watu wanne. Mimi stashahada yangu ya ugavi niliisoma nusu, na hata hiyo nusu inatosha kujua kwamba Tunduma ni mji ambao watu wanne wa kubeba kitu unawapata kwa kupiga mluzi. Wapo kila kona na mikokoteni yao. Bi Zaitun peke yake alikuwa na wapagazi wa mchele mlangoni, wanakaa juu ya magunia wakisubiri gari. Alimwambia palepale dirishani.

"Baba Jenista, nikuitie vijana wangu?"

"Wa nini?"

"Wa Bibi yako. Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia amevaa viatu vibaya."

"Mama Naila, nenda kapime mchele wako."

"Mchele nimeshapima. Watanyanyua mara moja tu, wala hawataongea."

"Hawataongea, hao? Jumapili nimesema mbele ya mtaa mzima. Leo Jumatano niite wapagazi waje wamvue viatu? Mpaka jioni habari itakuwa imeshavuka kufika Nakonde, Zambia."

"Na ikifika Nakonde?"

"Kesho," alisema mzee. "Kesho nitaangalia."

Hapo ndipo shida yote ilipo, na haina hesabu ngumu. Mtu ambaye kwa miaka hakuna aliyemsikiliza alisikilizwa mara moja, kwa dakika mbili, kwa kipaza sauti. Akapigiwa makofi. Siku hizo alipopita barabarani vijana walimwita "Mzee wa malori," na aliitika, na alikuwa anapita barabarani bila sababu ili aitwe tena. Kuwaita wapagazi wanne kulikuwa kurudisha makofi yale. Usiku ule na uliofuata alisogeza godoro lake, akalala miguuni pa Bibi Mrefu, mkono kwenye raba, ili likija amshike kama alivyomshika mara ya kwanza. Zaitun alimwona asubuhi anatoka anajinyoosha, shingo imekwenda upande.

"Utamshika mpaka lini?" alimuuliza.

"Mpaka kutulie."

"Ardhi?"

"Watu."

Siku ya tatu, alfajiri, alishindwa. Labda ni shingo. Labda aliamka akaiona ile chupa ya soda bado iko sakafuni. Alinawa uso, akamsalimia Bibi Mrefu kama kawaida, akafunga mlango akatoka kwenda kwa jirani kabla mtaa haujaamka, ili wapagazi waje mapema na wamalize kukiwa bado na ukungu. Zaitun alikuwa anachoma vitumbua uani. Anasema alimwona anakuja, amevaa koti, amelifunga vifungo vyote, kama mtu anayekwenda kuposa.

"Shikamoo, Baba Jenista. Mapema hivi?"

"Marahaba. Mama Naila, nina shida moja." Akashika kifungo cha koti. "Wale vijana wako."

"Nimeshaelewa. Kaa, wanakuja sasa hivi."

Na hapo kikaango kikasogea chenyewe juu ya mafiga.

Sote tunalikumbuka lile. Lilikuja bila kelele mwanzoni, kama mtu anayevuta shuka kutoka upande wa pili wa kitanda, akalirudisha, akalivuta tena. Mafuta ya Zaitun yalimwagika motoni. Watu walitoka wamevaa walichokuwa nacho, na wengine hawakuwa nacho. Mzee Anyosisye alikuwa ndiye pekee tuliyemwona anakimbia kuingia ndani. Ufunguo ulimshinda kwenye kitasa, kwa sababu kitasa kilikuwa kinacheza na mkono ulikuwa unacheza, na havikuwa vinacheza pamoja. Alipofungua ilikuwa imekwisha.

Mhunzi alikuwa mahali pake na mivukuto yake. Ng'ombe wa Ndalambo hakuwa hata na habari. Meza zote, rafu zote, sanamu zote fupi na katambuga zake zilisimama kama zilivyoachwa. Kama si mmoja, majigambo ya Jumapili yangekuwa kweli tupu. Bibi Mrefu alilala kifudifudi kwenye godoro la mzee mpaka kiunoni. Kifua kilifika kwenye saruji, na shingo ilikuwa imevunjika. Kichwa kiliviringika mpaka chini ya dirisha, kikasimama pale kinatazama ukuta. Raba mbili zilibaki mahali pake, moja juu ya nyingine, hazina mtu.

Mzee alimgeuza. Peke yake, sijui kwa nguvu gani. Akachukua kichwa akakiweka mahali pake, kikakataa kukaa, akakiegemeza kwa koti lake. Akamfunika shuka. Akakaa sakafuni, na mlango ulikuwa wazi.

Nje mtaa ulikuwa na mambo yake. Watu walihesabu watoto, walipigiana simu, walibishana kama hili lilikuwa kubwa kuliko lile. Wengine walipita wakachungulia, wakaona shuka, wakakumbuka kisa cha mchwa, wakatabasamu. "Mzee na dawa zake," alisema mmoja. Hakuna aliyedanganyika mara ya pili.

Aliyeingia ni Zaitun. Alikuwa na unga mikononi na ameungua kidogo kwa mafuta. Alivua kandambili zake mlangoni, akaziweka kando ya katambuga za mzee, akavuta mtandio wake ukamfunika vizuri, akaketi sakafuni upande wa pili wa shuka.

"Pole, Baba Jenista."

"Nimekwisha kupoa."

Walikaa. Lori la shaba lilipita, sahani za mtaa zikaongea. Zaitun anasema mzee aliweka kiganja kwenye mguu wa Bibi Mrefu, kwa mazoea, akakiacha hapo.

"Nilikuwa nakuja kuwaita," alisema.

"Najua. Nilikuona."

"Useme hivyo. Wakiuliza, useme nilikuwa nimeshatoka kuja kuwaita."

Josephat alifika kabla ya saa nne, na hakuja kukaa chini. Alisimama mlangoni na viatu. Haki ya mtu ni haki yake: hakufurahi hadharani. Alisema pole, akasema tetemeko ni kazi ya Mungu, akatazama kuta za ghala, saruji nzuri, bati zima, hatua chache kutoka foleni ya mpakani. Wakati huo kila mwenye mzigo Tunduma alikuwa anatafuta ghala la namna hiyo, na walikuwa wameshaongea naye.

"Mzee wangu," alisema, "ulisema mwenyewe."

"Nilisema."

"Mimi nisingetaka. Lakini watu walisikia, na watoto wanaingia humu. Kamati itasema nini?"

"Alikuwa anakuja kuwaita watu," alisema Zaitun. "Nipo shahidi."

"Alikuwa anakuja," alikubali Josephat. "Sasa nani aliyebishana na hilo, mama?"

Mzee alinyanyuka, akatoa ufunguo mfukoni mwa koti lililokuwa chini ya kichwa cha Bibi, na akampa Josephat kwa mkono wa kulia. Kichwa kikaanguka tena. Akainama kukirekebisha, na alipoinua uso mlangoni hapakuwa na mtu.

Sanamu ziliondoka mwezi uliofuata, kwa lori, zimefungwa mablanketi. Zilikwenda Mbeya, kwenye jumba moja la makumbusho lenye vigae na kiyoyozi, na aliyesimamia kuzifunga alikuwa Makene. Alikuta raba zote zimeoshwa na kupangwa mlangoni kwa ukubwa. Zile za sanamu fupi alizichukua. Zile mbili nene aliziacha. Alimpa mzee mkono kwa muda mrefu, na kama alitaka kusema nilikwambia, alikuwa na adabu ya kulimeza.

Ghala lilijazwa sukari, halafu simenti, halafu vitenge. Neno Makumbusho bado lipo juu ya mlango, rangi ile haifutiki, na madereva wageni wanaingia kuuliza wanakuta marobota. Mzee alihamia chumba kimoja nyuma ya duka la Zaitun. Chumba hakina mtandao wa Zambia. Jumapili jioni alikuwa anarudi kusimama nje ya ghala, chini ya dirisha lile, upande wa barabara sasa, simu sikioni, mkono mwingine hana pa kuuweka. Mwishowe aliuweka mfukoni.

"Nini hicho kinapiga kelele, baba?" Jenista aliuliza.

"Malori."

"Mbona zamani hayakusikika?"

"Zamani nilikuwa ndani."

Kila baada ya miezi kadhaa huvaa koti lake, anafunga vifungo vyote, anapanda basi kwenda Mbeya. Zaitun alimsindikiza mara moja. Bibi Mrefu ameungwa vizuri, alama ya shingo unaiona ukiambiwa. Amesimama kwenye saruji tupu, mkanda mwembamba umepita chini ya makwapa mpaka ukutani, na huhitaji kuwa mtaalamu kuona kwamba hata dunia ikipinduka huyo atabaki anang'inia. Kuna kamba nyekundu mbele yake. Mara ya kwanza mzee alipitisha mkono chini ya kamba kumgusa mguu, na binti wa zamu, binti mwenye heshima kabisa, akasema, "Babu, haturuhusu kugusa." Siku hizi anasimama nyuma ya kamba, mikono mgongoni, anamsalimia kwa Kindali kwa sauti ya chini. Anasema kule ndani ni kimya sana. Barabara iko mbali.

Wanafunzi waliovaa sare wanaingia bure. Mtu mzima ni shilingi elfu mbili.